Naomba ushauri: Solaris ya Atari 2600, mafuta yananiishia njiani

Wakuu salama? Naomba msaada kwa waliowahi kucheza Solaris, ile gemu ya vita vya anga za juu ya mwaka 1986 kwenye Atari 2600, mashine ya zamani ya kuchezea gemu, aliitengeneza Doug Neubauer, jamaa yuleyule aliyetengeneza gemu ya Star Raiders. Mi naicheza kwenye laptop kwa Stella (programu ya kuigiza Atari 2600) na joistiki ya USB, na kusema ukweli kwa mashine yenye RAM ya baiti 128 tu sijui huyu mtu aliwezaje, grafiki zake zimetulia balaa.

Sasa shida yangu ni kuruka kutoka sekta moja kwenda nyingine. Ukishachagua pa kwenda meli yako ya anga inajigawa picha mbili na unatakiwa uzishikilie zikae pamoja la sivyo mafuta yanakatika vibaya mno, mi zinanikimbia kila mara, natokea upande wa pili tanki liko hoi na Wazailoni, yaani maadui wa humo, hao wameshanizunguka. Nyie joistiki mnaigusa kidogokidogo au mnafanyaje?

Halafu kuna hizi sayari za Shirikisho, yaani za upande wetu. Ikivamiwa usipowahi kuiokoa inalipuka, kanda nzima inageuka nyekundu na joistiki inaanza kufanya kazi kinyumenyume, hapo ndo nachanganyikiwa kabisa. Bora nirudi kulinda kila wakivamia, au niikaushie tu niendelee kuitafuta Solaris yenyewe, ile sayari unayotakiwa kuifikia?

Ila tafadhali asinitajie iko wapi kwenye ramani, hiyo nataka niipate mwenyewe.