Tupeane uzoefu: Vespa PX kuukuu na hewa ya chumvi

Mwenye uzi
Skuta za Vespa PX zilizobaki Mombasa zinasumbuliwa na maradhi yaleyale, na kila fundi huanza kwa kufungua kabureta. Andikeni dalili, chanzo na dawa. Vipimo viwepo, jamani.

Sili_Mbili
Kabureta husingiziwa sana. Tazama kwanza sili za krankshafti, yaani pete za mpira zinazozuia hewa na oili kupenya kwenye mhimili mkuu wa injini. Ukiachia aksileta na injini ikaendelea kulia juu badala ya kutulia, na plagi ikatoka nyeupe, kuna hewa inayoingia pasipotakiwa. Mara nyingi ni sili ya upande wa flaiwili, lile gurudumu zito la mwisho wa krankshafti. Petroli inapungua kwenye mchanganyiko, silinda inachemka, na mwisho pistoni inakwama. Vuta choki kidogo: mlio ukitulia, umeshajua.

Sili hiyo hubadilishwa kwa nje. Legeza nati ya flaiwili. Kwenye PX kuna klipu ya duara mbele ya nati, kwa hiyo nati italegea, itakuwa ngumu tena, na hapo ndipo inapoivuta flaiwili itoke. Klipu ikiwa imepotea, tafuta kifaa cha kuvutia. Kugonga ncha ya krankshafti kwa nyundo ni kuipinda. Kabla ya kutoa sahani ya koili iliyo nyuma ya flaiwili, chora mstari mmoja unaopita kwenye sahani na kwenye bodi ya injini, la sivyo taiming, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, itapotea. Paka oili mdomo wa sili mpya, ingiza bila kuipinda, kisha kaza nati kwa Nm 60 hadi 65.

Sili ya upande wa klachi ni kazi nyingine. Moshi mweupe mzito, plagi imelowa, oili ya giaboksi inapungua: inanyonywa ndani ya injini. Wakati mwingine mambo hugeuka, ukifungua tundu la kujazia oili inamwagika nyingi kuliko uliyotia, tena inanuka petroli. Zote ni sili hiyohiyo, na haifikiwi mpaka injini ipasuliwe. Ukishapasua, badilisha beringi na gasketi zote pamoja.

Mzee wa Tononoka
Nyongeza: giaboksi ni ml 250 za SAE 30, Vespa ikisimama wima, hadi mdomo wa tundu. Msitie oili za kisasa za magari, baadhi zina dawa inayofanya klachi iteleze. Petroli ya PX isiyo na pampu ya oili ni 2%, yaani ml 20 za oili ya tu-stroki kwa kila lita. Kuzidisha hakulindi chochote, kunajaza kaboni kwenye ekzosi tu.

Feri_Asubuhi
Oili kuzidi ndiyo sababu ya plagi kufa kwenye foleni ya feri ya Likoni. Zima injini unapongoja. Mwanya wa plagi ni mm 0.6. Na ikizimika baada ya kilomita chache, kisha ukifungua kifuniko cha tangi inawaka tena, tundu la hewa la kifuniko limeziba. Hiyo si kabureta wala sili.

Kutu
Hapa pwani sakafu ndiyo inayokufa kwanza. Inua mpira, kwaruza pale stendi inapofungwa, maji hulala hapo. Osha kwa maji matamu. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, kuoshea kwa maji yake ni kuongeza tatizo. Mhimili wa breki ndani ya dramu upakwe grisi kidogo tu, isifike kwenye viatu vya breki.

Mwenye uzi
Na tairi?

Sili_Mbili
Rimu ni vipande viwili. Nati 5 zinazoshika gurudumu kwenye dramu, na nyingine 5 zinazounganisha vipande. Toa upepo wote kabla ya kugusa hizo za pili, maana rimu iliyojaa upepo huruka usoni. Mbele takriban psi 18, nyuma 25, na ukibeba abiria nyuma iwe psi 36.