Linkin Park baada ya From Zero: albamu ijayo wanakaza au wanatugeuka tena?

kapuku2003

Wakuu habari za jioni. Najua humu jukwaani wengi ni Bongo Fleva na singeli ila najua pia mpo wachache mnaosikiliza rock kwa kujificha na earphone, leo jitokezeni. From Zero, albamu ya Linkin Park ile bendi ya rock ya Marekani, nimeisikiliza tangu imetoka Novemba 2024, ngoma 11 dakika kama 32 tu, yaani daladala ya Mbagala haijafika Kariakoo albamu imeisha na foleni bado ipo, na zile nyongeza za Mei 2025 nazo nimeshazimaliza. Sa swali langu, inayofuata itakuwaje?

Nauliza kwa sababu hawa jamaa wana tabia. Hybrid Theory 2000 na Meteora 2003 ni kama mapacha, Mike Shinoda anachana, mwimbaji Chester Bennington anapasua koo kwenye kiitikio, dunia nzima ikazoea. 2007 wakaenda kwa Rick Rubin wakatoa Minutes to Midnight, kuchana kukapungua mpaka watu wakauliza Mike kaenda wapi. 2010 A Thousand Suns, magitaa yamewekwa stoo, vinanda na hotuba kila kona. 2014 wakakasirika wakatoa The Hunting Party, gitaa mwanzo mwisho. Ukisema haya sasa wamerudi nyumbani, 2017 hao na One More Light, pop kabisa. Kwa hiyo kila wakikaza mara moja lazima walegeze. From Zero imekaza. Mi naona inayofuata wanatugeuka. Naomba kuwasilisha.

MseeWaNax

Salamu kutoka Nakuru. Niko na wewe, na niongeze ushahidi. 2010 nilidownload A Thousand Suns cyber, nikalipia saa nzima, nikaenda nayo nyumbani kwa flash, kufungua ngoma ya kwanza ni sauti tu zinaelea, ya pili ni mzee anaongea. Nikajua file imeharibika, nikarudi kwa yule jamaa wa cyber kugombana naye aisee, kumbe ndo ngoma zenyewe na yule mzee ni Oppenheimer, yule wa bomu la nyuklia. Niliichukia hiyo albamu kama miaka mitatu hivi. Leo ukiniambia nichague moja tu nichukue kisiwani nachukua hiyo, na jamaa wa cyber hajawahi pata pole yake.

Point yangu ni kwamba wakitugeuka tutalia halafu tutazoea. Ndo mchezo wao. Na Mike ndo anashika usukani saa hii kuliko zamani, na Mike ni mtu wa studio, mtu wa biti, kumbuka Fort Minor 2005, ule mradi wake wa hip hop. Mtu kama huyo hatarudia albamu moja mara mbili, atachoka.

DadaDistoshoni

Kaka zangu nawapenda lakini mnahesabu albamu kama mtu anayesubiri mvua kwa kalenda ya mwaka juzi. Angalieni nani yuko studio sasa hivi. Rob hayupo tena kwenye dramu, kaingia Colin Brittain ambaye ni mpiga dramu na ni prodyuza pia, na ni mtu wa rock. Brad bado yupo studio ila ziarani haendi, gitaa la stejini anashika Alex Feder. Na mwimbaji ni Emily Armstrong wa Dead Sara, bendi ya gitaa tupu tangu mwanzo wake. Hununui jembe ukaenda kukorogea uji.

Halafu sikilizeni vizuri walivyomwingiza. The Emptiness Machine ndo ngoma ya kwanza walitoa Septemba 2024, anayeanza kuimba ni Mike, beti ya kwanza Mike, kiitikio Mike, unakaa unajiuliza huyo dada yuko wapi, anaingia beti ya pili. Mi niliiona kama bibi harusi anavyoletwa ukumbini kafunikwa, watu wanatoa macho, haonyeshwi mara moja. Walikuwa na adabu na wanaogopa pia, na haki yao waogope. Lakini harusi imeshaisha, bibi harusi sasa ni mwenye nyumba, albamu ijayo hafunikwi tena. Ile skrimu ya Heavy Is the Crown mmeisikia lakini? Inakumbusha ile ya Chester kwenye Given Up, sekunde 17 bila kupumua. Mtu mwenye koo hilo unampa vinanda vya kubembeleza afanye nini? Wanakaza, tena zaidi.

mtaalam_wa_kimya

Bila Chester hiyo ni bendi nyingine yenye jina lilelile. Wapige taarabu wapige mchiriku kwangu sawa tu.

kapuku2003

@mtaalam_wa_kimya nakuelewa mkuu na sitabishana na wewe, 20 Julai 2017 Chester alipofariki mimi pia sikula. One More Light ilikuwa na miezi miwili tu tangu itoke na mimi nilikuwa nimeshaitukana humu humu, nikaja kuisikiliza upya usiku ule, maneno yaleyale nikayasikia tofauti kabisa. Mpaka leo nikiisema vibaya najisikia mwizi. Karibu tu ukae hata kama huchangii.

@DadaDistoshoni hoja ya bibi harusi imenimaliza, ila angalia walivyofunga From Zero. Ngoma ya mwisho ni Good Things Go, ile siyo ya kukaza, ile ni ya mtu kakaa ukutani saa nane usiku anaomba radhi. Bendi ikikuwekea kitu mwishoni wanakuonyesha mlango wanaotokea.

DadaDistoshoni

Au wamechoka tu na ngoma ya Casualty huko nyuma 😂 ile Mike mwenyewe anabweka! Mike! Mtu ambaye miaka 20 kazi yake ilikuwa kuchana kwa upole huku mwenzake anaungua. Hilo mbona hulisemi?

fundi_spika

Nyote mnakosea, na nawaambia kama mtu anayefunga spika kwenye maharusi. Hawa sasa hivi hawaandikii chumbani kwako, wanaandikia uwanja. 31 Mei 2025 walipiga fainali ya UEFA kule Munich kabla ya mpira, ile ya PSG kumfumua Inter tano bila. Mi nilikuwa kibanda umiza, watu wamejaa mpaka dirishani, jamaa wametokea wanaanza kupiga kibanda kizima kinauliza hawa nani, mwenye kibanda akapunguza sauti eti anasubiri timu! Nikasimama peke yangu naimba bila sauti ya TV kama kichaa, mzee mmoja wa Simba akaniuliza we ni mlokole?

Mwezi uliofuata Wembley, uwanja wa London. Sasa ukishakuwa na viwanja namna hiyo huwezi kuleta ngoma ya dakika sita ya hotuba, sauti inazunguka inakurudia kama mtu anayekucheka, maneno hayasikiki, mtu wa jukwaa la juu anapata dum dum tu. Uwanjani kinachofanya kazi ni kiitikio kikubwa, maneno machache, nafasi ya watu kupiga makofi. Sikilizeni Up From the Bottom kwenye zile nyongeza, ndo hiyo hiyo. Gitaa lipo, haliumi sana, kiitikio hata mtoto anakishika mara ya pili. Sio kukaza sio kulegeza, ni kupanua. Albamu ijayo nzima itakuwa hivyo na mtalalamika nyote wawili.

MseeWaNax

Hii ya fundi inaniuma kwa sababu ina ukweli. Lakini boss, A Thousand Suns pia walizunguka nayo kwa viwanja na hakuna mtu alikufa. Na scratching ya DJ wao Mr. Hahn imerudi kwa ngoma ya Two Faced, mimi nilisikia hiyo nikarudi darasa la saba. Wakipanua wapanue lakini wasimnyamazishe Hahn tena, huyo jamaa kuna albamu alikaa kama mgeni.

mtaalam_wa_kimya

Hapo kwa Hahn nakubali.

DadaDistoshoni

Heee kaongea!

Haya tufanye hivi. Albamu ikitoka tunahesabu ngoma zenye skrimu. Zikiwa 4 kwenda juu nimeshinda, @kapuku2003 ananitumia hela ya chipsi kuku kwa simu na ya kutolea usisahau. Chini ya hapo natuma mimi.

kapuku2003

Nne nyingi, kwani From Zero yenyewe ina ngapi? Na Mike akibweka inahesabika au ni ya Emily tu?

DadaDistoshoni

Ya Mike nusu.

fundi_spika

Mimi nashika hela zote mbili.

MseeWaNax

Usimpe fundi pesa, anajua kupanua.