Tupeane uzoefu: kinamama tunaosindika mazao, pesa inapotelea wapi?

Mbanguaji, Newala
Habari zenu kinamama. Mume wangu alifariki 2016. Mikorosho yake wapwa zake waligawana hata eda sijamaliza, nami nikaenda kubangua korosho kwa kibarua. Wanaoijua kazi wanajua: mafuta ya ganda yanachubua vidole mpaka kukamua nazi ni mateso. Tulikuwa tunapaka majivu tu. Sasa tuko wanane, tuna mashine tatu za kukatia. Tunavukiza wenyewe, tunamenya, tunapanga madaraja. Kilo nne hadi tano za ghafi, yaani korosho zenye maganda, zinatoa kilo moja tu iliyobanguliwa, na yenye bei ni nzima nyeupe, si vipande. Wateja tunao. Tatizo ghafi inauzwa mnadani mwisho wa mwaka, na wakati huo hatuna hela ya kununua ya mwaka mzima. Mwezi wa tatu stoo tupu, tunarudi kulima vibarua. Wenzangu mnafanyaje?

Mama Mwani, Paje
Pole dada. Mimi nimelima mwani tangu 1998. Aina ya cottonii ndiyo ilikuwa na bei, lakini maji yamekuwa moto, inaoza kwenye kamba. Tumebaki na aina nyingine, spinosum; kilo kavu niliwahi kuiuza shilingi mia nne. Bamvua zima, siku zile maji yanapotoka mbali, uko majini, kiuno hakisimami, unarudi na hela ya sukari. Sabuni ya mwani ndiyo iliyonitoa: mwani unaukausha, unautwanga, unauchekecha, kisha mafuta ya nazi, kostiki soda na mafuta ya karafuu. Kipande kimoja kinashinda bei ya kilo ya mwani, na unga uliomo ni wa vijiko tu. Lakini tulitegemea watalii mno. 2020 walipokatika, maboksi yalijaa mpaka chumba cha kulala.

Mkulima mwenzenu, Mkuranga
Mama wa Newala, nendeni halmashauri. Asilimia 10 ya mapato ya ndani ni mikopo isiyo na riba: asilimia 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya wenye ulemavu. Ila ombeni mapema. Mkisubiri mnada ufunguliwe, faili litakuwa bado liko kwenye vikao.

Mama Muhogo, Kwale
Muhogo ukishang'olewa, siku mbili tatu umeharibika, na broka alikuwa akilijua hilo. Anachelewa makusudi, bei unashusha mwenyewe. Chama kikanunua mashine ya kukuna. Tunakuna, tunakamua, tunaanika, tunasaga. Kuhusu hela ya ghafi: sisi kila mauzo theluthi inatoka kwanza, kabla mtu hajapewa chake, inaingia akaunti ya sahihi tatu. Mwaka wa kwanza tulizozana sana, na mwenzetu mmoja akajitoa.

Mbanguaji, Newala
Theluthi! Sisi tunagawana yote jioni ileile, maana kila mtu ana watoto wanamsubiri. Jumamosi nalipeleka kikundini. Je, mtoto wa mwanachama akilazwa, mnachota humo?

Mama Muhogo, Kwale
La, dadangu. Hiyo ni ya muhogo, haiguswi. Ya shida ina mkebe wake, kila mmoja shilingi hamsini za Kenya kwa wiki.