Naomba ushauri: protini yote inaishia kwenye mashapo

Jambo wandugu, naandika toka Bukavu. Tunatengeneza protini ya muhogo ndani ya bakteria: jeni yake imo ndani ya pET-28a (plasmidi, duara la DNA la kubebea jeni), bakteria ni E. coli BL21(DE3). Tunakuza kwa 37°C hadi OD600 (kipimo cha wingi wa bakteria) 0.6, kisha IPTG (kemikali ya kuwasha jeni) 1 mM, saa 4. Kwenye jeli ya kupanga protini kwa ukubwa, mstari wa kDa 42, ndiyo protini yetu, ni mnene, kumbe ribosomu (viunda protini vya seli) zinasoma ujumbe vizuri. Ila tukipasua seli na kupitisha sentrifuji, protini inashuka yote chini, tope jeupe kama unga wa muhogo uliolowa. IPTG 0.2 mM haikubadilisha kitu. Inkubeta haina kipoza, kwa hiyo 18°C, baridi ya kuipa protini nafasi ya kujikunja, hatuifikii.

Je, 22°C ya chumba kwa saa 16 itatosha protini ijikunje vizuri katika umbo lake? Na kwenye jeni yetu kodoni (herufi tatu tatu za jeni) AGA na AGG, ambazo ni adimu kwa E. coli, ni nyingi: kuhamia Rosetta (E. coli iliyoongezewa tRNA za kodoni adimu) kutasaidia kweli, wakati mstari tayari ni mnene? Aksanti sana.