Mrejesho: Jina la binti yetu na makaratasi ya Kanada

Asanteni sana ndugu zangu. Niliuliza tufanyeje, kwa kuwa jina la binti yetu kwenye cheti cha kuzaliwa lina "h" ambayo pasipoti haina, nasi tunaandaa maombi ya kuhamia Kanada. Uliyetushauri tuanze na wakili, ubarikiwe! Ametuandalia hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtoto mmoja, akaipiga muhuri.

Vyeti vya maadili mema, yaani vya polisi kuonyesha kwamba mtu hana rekodi ya uhalifu, tuliomba kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, shilingi 1,050 kila mmoja, alama za vidole zikachukuliwa Huduma Centre (kituo cha huduma za serikali) ya GPO, Nairobi. Wakala mmoja alitaka hela za "kuharakisha". Tukamkatalia, nanyi msimpe mtu kama huyo hata senti. Mke wangu aliwahi kuishi Kampala zaidi ya mwaka, kwa hiyo anatakiwa kuleta pia cheti kama hicho cha polisi wa Uganda. Hicho kikifika, tunatuma.