NIAMBIWE MIE "KAKOSHE MDOMO" MBELE YA MKWE WANGU, KISA NENO SHOGA!!

BintiKikwajuni (mwanzisha uzi)

Jamani sijalala. Jana baada ya magharibi niko jikoni, unga wa mkate wa kumimina uko kwenye bakuli unaumuka, simu ikalia. Shoga yangu kajifungua! Mtoto wa kwanza, baada ya miaka tisa ya kuhangaika. Vidole vina tui, hata sikunawa, nikaandika kwenye grupu la mtaa: "Hongera shoga yangu, Mungu akukuzie." Maneno matano.

Haikupita dakika, ujumbe ukafutika. Halafu akaja mwenyewe yule bwana, admini wa grupu, mnamjua wote, sina haja ya kumtaja, akaniandikia mbele ya watu mia mbili na kitu: "Bibi, kakoshe mdomo ndio urudi kwenye watu wenye staha." Akanitoa.

Kakoshe mdomo! Mie! Na mkwe wangu yumo mule. Mkwe ambaye kwa miaka kumi na mbili sijapata kupiga chafya kwa nguvu mbele yake. Asubuhi kanipigia, sauti ya chini kabisa: "Mwanangu, umemtukana nani?"

Yule bwana kakaa Dar mwaka mmoja na nusu, karudi hajui tena shoga ni nini. Mama yake mzazi ana mashoga zake, mpaka leo wanasukana nywele uani. Kwetu mwanamke akimwita mwanamke mwenziwe shoga kamwambia wewe ndio wangu wa siri. Bara lina maana nyengine, najua. Mwanamme akiitwa hivyo katukanwa, hilo pia najua. Lakini mie nilikuwa nampongeza mzazi na kitoto chake cha siku moja!

Ile orodha yake ya maneno "machafu", aliyoipa boti, ile programu inayofuta ujumbe yenyewe, mmeiona? "Mtumwa" limo. "Kijakazi" limo. Wangapi humu wana bibi zao wanaoitwa hivyo? Siti binti Saad alizaliwa Fumba akaitwa Mtumwa, na taarabu yote hii tunayojivunia kaitoa yeye Unguja kwenda ulimwenguni. Angekuwa hai asingeweza kutaja jina alilopewa na wazee wake mbele ya yule bwana. Mzee mmoja kaandika methali, "Akinya kuku kanya, akinya bata kaharisha," akafutwa. Methali ya wazee wetu!

Sasa linalonichoma ni hili. Wiki iliyopita mtu kaandika mule mule, kuhusu mwanamke aliyeachwa mara ya pili, kila mtu kamjua ni nani: "Pakacha lililovuja mara mbili halibebi dagaa." Neno chafu hapo liko wapi? Halipo. Boti ikapita kimya, na yule bwana akaweka kidole gumba. Yule dada kalia mpaka katoka mwenyewe. Unguja hii mtu akitaka kukutukana anahitaji neno chafu? Anajifunga khanga ya "Hasidi hana sababu", anapita mlangoni kwako kwenda dukani na kurudi, basi, umeshatukanwa wewe na ukoo wako. Matusi yetu yamo kwenye mafumbo, yeye anawinda herufi!

Kakoshe mdomo. Mbele ya mkwe wangu.

UrojoMoto
Pole dada. Lakini ulisubiri mpaka asubuhi? Mie ningemfata kwake usiku ule ule na bakuli la unga.

DauLaNungwi
Huyo huyo! Mwezi wa saba niliweka tangazo la gari ya kwenda Makunduchi kwenye Mwaka Kogwa, likafutwa mara tatu na nikaonywa. Someni jina la Makunduchi polepole, herufi za katikati, mtaona boti iliona nini. Mwisho nikaandika "gari ya kusini". Wakaja watu wanne, wawili walidhani tunakwenda Kizimkazi kuona pomboo.

MtotoWaJangombe
Kumbe ndio maana! Nauza mashati, kila nikiandika "nyekundu" tangazo halionekani. Meupe yote yameisha, mekundu yamejaa chumbani.

SimbaDamu
Kwa hiyo Wekundu wa Msimbazi hatutajwi mule? Huu ni mkono wa Yanga.

FundiSimu
Boti haijui maana, inatazama herufi zinavyofuatana tu. Uingereza kuna mji unaitwa Scunthorpe. Mwaka 1996 watu wa mji ule walikuwa wakitaka kujisajili AOL, kampuni ya intaneti, wanakataliwa, kwa sababu ndani ya jina la mji wao mna tusi zito la Kiingereza. Kwetu jaribuni kuandika "kumaliza" mkaone.

MamaWatatu
Mie naunga mkono lifutwe. Wanangu wanashika simu yangu. Leo shoga la mapenzi, kesho mtu anamwita mtoto wa mwenziwe shoga kumdhalilisha, akibanwa anasema "nilikuwa natania". Nani atakaa kutwa kupima nia za watu?

BintiKikwajuni
Bi MamaWatatu, nakuheshimu. Anayemdhalilisha mtoto wa mtu atolewe yeye, mie nitakuwa wa mwanzo kushangiria. Lakini asomwe kwanza! Aliyepewa uadmini kapewa macho pia. Sikuulizwa hata "ulikusudia nini". Nimepewa kakoshe mdomo tu, basi.

UrojoMoto
Kwani ulikosha?

KarafuuKavu
Nyinyi wa Unguja mnalilia neno moja. Sisi huku Wete, Pemba, admini wetu hafuti kitu, tukaneni mpaka alfajiri. Lakini kakusanya mchango wa turubai la maziko toka Shaabani, na turubai hatujaliona. Juzi tumezika, mvua imetunyea sote mpaka shehe.

DauLaNungwi
Turubai ni bora. Wetu kakusanya ya feni za madrasa.

MtotoWaJangombe
Feni ngapi?

DauLaNungwi
Sita. Imekuja moja, nayo haizunguki.

KarafuuKavu
Afadhali nyinyi mmeiona.

SimbaDamu
Mashati mekundu bado yapo? Niwekee mawili, saizi kubwa. Mechi Jumamosi.

MtotoWaJangombe
Njoo faragha. Usiandike rangi.

BintiKikwajuni
Mnakwenda wapi nyote? Mie nasema mkwe wangu kasoma! Kakoshe mdomo!

ShuraNaHiliki
Dada, pole na yote. Ule unga wa mkate uliishia wapi? Mie wangu kila siku unaiva juu, ndani mbichi. Hamira unatia ngapi kwa kilo ya mchele?

BintiKikwajuni
Uliumuka ukamwagika wote, na dhima anayo yule bwana. Vijiko viwili vya chai. Makaa machache chini, mengi juu ya mfuniko, na usiufunue funue.