Bondi za Shangazi: zikae au zihamie kwenye riba?

Kikundi: Ukoo wetu, Uingereza
Jumamosi, 6 Septemba 2025

Shangazi Mwanaidi: Assalaam alaykum wanangu. Nataka ushauri wenu. Zile pauni 5,000 zangu bado ziko Premium Bonds, ile akiba ya serikali ya Uingereza inayotoa zawadi kwa kura badala ya riba, na droo ya mwezi huu nimeangalia, hamna kitu tena. Jirani ananiambia nitoe nipeleke benki nipate riba. Mwenzangu wa kazini ananiambia nisiguse, bahati iko njiani. Nifanyeje?

Juma: Waalaykum salaam Shangazi, shikamoo. Usiguse! Kila mwezi watu wawili wanapata milioni moja moja, tena bila kodi. Benki gani itakupa hiyo?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba Juma.

Mama Rehema: Wifi, mimi nasikia bondi mpya ndizo zinazoshinda. Toa zako, halafu nunua upya.

Zuhura: Shikamooni wote. Shangazi, usitoe ili ununue upya, tafadhali. Kila bondi ya pauni moja ina nafasi sawa, iwe ya mwaka huu au ya zamani. Mpya zinaonekana kushinda sana kwa sababu ndizo nyingi. Na ukinunua upya, hela inabidi ikae mwezi mzima wa kalenda kabla ya kuingia kwenye droo, kwa hiyo utapoteza nafasi bure.

Mama Rehema: Kumbe. Mimi nilidhani ile mashine inachagua zinazoingia karibuni.

Zuhura: Hapana mama. ERNIE, ndiyo hiyo mashine ya droo, haina hata orodha ya wenye bondi, inatoa namba tu. Ile ya kwanza ilitengenezwa na mafundi wa Posta kule Dollis Hill, London, na droo ya mwanzo ilikuwa Juni 1957, zawadi kubwa pauni 1,000. Hii ya sasa ni ya tano, na matokeo hukaguliwa na ofisi huru ya serikali kila mwezi. Kwa upande wa haki sina shaka kabisa. Shaka yangu iko kwenye hesabu.

Juma: Hesabu si ndiyo hiyo 3.60% waliyoandika wenyewe?

Zuhura: Hapo ndipo watu wengi wanapoteleza, Juma, na nataka Shangazi asikie vizuri. 3.60%, kiwango kilichoanza na droo ya Agosti 2025, si riba. Hakuna anayelipwa kiwango hicho. Ni ukubwa wa mfuko wa zawadi ukilinganisha na bondi zote za nchi nzima. Mfuko huo hukatwa hivi: sehemu 80 katika 100 ni zawadi za pauni 25, 50 na 100. Sehemu 10 ni za 500 na 1,000. Sehemu 10 zilizobaki ni kuanzia 5,000 hadi milioni.

Sasa mtu mwenye bondi 5,000 hizo kubwa hazioni. Kuna bondi zaidi ya bilioni 120 kwenye droo na zawadi za milioni ni mbili. Ziondoe hizo kubwa na za kati, na hicho 3.60% kinabaki kama 2.88%. Kwa hela za Shangazi ni kama pauni 144 kwa mwaka, kwa mtu mwenye bahati ya kawaida. Tuseme benki inakupa 4%. Ni pauni 200, kila mwaka, hata ukilala.

Shangazi Mwanaidi: Ndiyo maana naangalia kila mwezi sioni kitu?

Zuhura: Ndiyo Shangazi. Kwa droo za 2025 kila bondi ina nafasi moja kati ya 22,000 kwa mwezi. Ukiwa na 5,000, karibu miezi minne katika mitano unatoka mikono mitupu. Kwa mwaka utarajie zawadi mbili au tatu ndogo. Huna mkosi wowote, mambo yako yako sawa na ya wengine wenye kiasi hicho.

Juma: Mimi nina 300 tu humo.

Zuhura: Basi miaka mingi hutapata kitu kabisa. Mwenye 1,000 mwenyewe, zaidi ya nusu ya wenzake humaliza mwaka mzima bila hata pauni 25. Na bei za vitu hazisubiri. Oktoba 2022 mfumuko wa bei ulifika 11.1%. Aliyeacha hela humo bila kushinda, hela yake haikupungua kwenye karatasi, lakini dukani ilipungua sana.

Juma: Lakini dada, hela yangu yote ipo. Tiketi ya bahati nasibu ukikosa imekwenda. Hapa nakosa leo, mwezi ujao naingia tena na hela ile ile, na Hazina ya serikali imeidhamini yote.

Zuhura: Hilo ni kweli, na kama hiyo 300 ingeishia kwenye tiketi, afadhali ikae hapo. Sipingi.

Kaka Hamisi: Nimechelewa, nilikuwa zamu. Mimi bondi ninazo na sitoi, sababu yangu ni kodi. Mshahara wangu uko kwenye kodi ya 40%, riba ninayoruhusiwa bila kodi ni pauni 500 tu kwa mwaka. Ikizidi hapo, 4% ya benki inabaki 2.4% mkononi. Na ISA, ile akaunti ya akiba isiyokatwa kodi, nimeshajaza 20,000 yangu ya mwaka. Kwa mtu kama mimi bondi zina maana.

Zuhura: Kabisa kaka, tena wewe una nyingi. Mwenye 50,000, ambayo ndiyo ukomo, hupata kwa wastani zawadi 27 hivi kwa mwaka, kwa hiyo karibu kila mwezi kitu kinaingia. Lakini Shangazi yuko kodi ya 20%, anaruhusiwa riba ya pauni 1,000 bila kodi. Riba yake ni 200. Hiyo "bila kodi" ya bondi haimsaidii chochote, kwa sababu kodi yenyewe hadaiwi.

Baba Mkubwa Salim: Nimewasoma wote. Mnajua msimamo wangu. Riba ni riba, na hizo zawadi zinatoka kwenye riba ya hela zenu zilizokusanywa, kisha zinagawiwa kwa kura. Mwanaidi dada yangu, mimi singekaa na lolote kati ya hayo mawili.

Shangazi Mwanaidi: Kaka, hilo nimelibeba moyoni muda mrefu. Niliambiwa bondi ni afadhali kwa kuwa hazina riba.

Zuhura: Baba Mkubwa, shikamoo. Kwenye dini nakuachia wewe na masheikh. Ninachoweza kusema ni kwamba hela ya zawadi inatoka pale pale ulipopataja. Badala ya kila mtu kulipwa riba yake, inawekwa fungu moja na kupigiwa kura. Kwa hiyo Shangazi, kama ulikaa huko kukimbia riba, hukuikimbia.

Njia ya tatu ipo. Hapa Uingereza kuna benki za Kiislamu, kama Gatehouse na Al Rayan. Wao hawaahidi riba, wanatangaza faida inayotarajiwa kutokana na biashara zao, na akiba inalindwa na FSCS, mfuko unaowalipa wenye akiba benki ikianguka, hadi ukomo ule ule wa benki nyingine. Linganisha faida yao na ile 2.88% ya kweli, usilinganishe na 3.60%.

Baba Mkubwa Salim: Marahaba. Hapo sina neno. Lakini asome mkataba kwanza.

Shangazi Mwanaidi: Nitahama basi. Nisubiri droo ya Oktoba au nitoe sasa?

Zuhura: Ukitoa sasa unakosa droo ya Oktoba, ukisubiri unakosa faida ya mwezi mmoja. Kwa 5,000 tofauti ni kama pauni nne tano tu. Nakushauri utoe sasa. Unaomba kwenye akaunti yako ya shirika la serikali linaloendesha bondi, NS&I, hela inaingia benki baada ya siku chache za kazi.

Shangazi Mwanaidi: Na zile za mtoto wa Mama Rehema nilizomnunulia alipozaliwa?

Kaka Hamisi: Hizo zinasimamiwa na mama yake, mpaka mtoto afike miaka 16. Muulize yeye.

Mama Rehema: Nipo hapa wifi. Zuhura njoo kesho tufungue hiyo akaunti ya mtoto pamoja, na mimi nataka kuona kuna ngapi.